Oda Iliyofika Bila Kevo

Wewe uliyeegesha pikipiki mbele ya jikoni, helmeti mkononi, ukingoja chakula kifungwe, nisikilize kidogo. Najua hao wapishi, bado wana dakika kumi. Na wewe kijana wa bima uliyetumwa juzi kuandika ripoti yako ya kwanza ya ajali, sogea pia. Haya yanawahusu nyote wawili, ingawa mkikutana barabarani mnatazamana kama paka na mbwa.

Hapa Riruta naitwa Mama Njoki. Ofisini niliitwa Madam, na kwenye steji za pikipiki, kuanzia Kawangware hadi Kibera, vijana waliniita Mathe, yaani mama. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mpelelezi wa ajali. Sikuwa polisi. Kampuni ya bima ikiletewa dai, humtuma mtu akaone mahali, akaongee na watu, halafu aandike mambo mawili: nani alikosea, na nani abebe mzigo wa kosa hilo. Watu wengi hudhani hilo ni swali moja. Ni mawili, na la pili ndilo lililonizeesha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Oluoch, mtu mrefu, mpole, aliyetembea na kalamu tatu kwa sababu aliamini mbili zitaibwa. Mwezi wangu wa kwanza alinituma Kawangware, ambako gari la mkate lilikuwa limemgonga mtu wa mkokoteni wa maji. Kampuni ya mkate ilisema haihusiki, kwa kuwa dereva alikuwa ameacha njia yake akaenda kumwona mama mkwe. Nilimhoji dereva, akakubali kwamba ndiyo, alikuwa anaelekea kwa mama mkwe. Nikaandika kwa furaha: dereva alikuwa kwenye shughuli zake binafsi. Nilidhani nimemaliza kesi kabla ya chakula cha mchana.

Bwana Oluoch alisoma, akavua miwani. "Huyo mama mkwe anafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Rudi ukaulize."

Nilirudi. Mama mkwe alikuwa na duka, na kila asubuhi alichukua kreti mbili za mkate kutoka kwa gari hilohilo. Nilipomwuliza dereva kwa nini hakuniambia, alinishangaa. "Madam, wewe uliniuliza kama ni mama mkwe. Kwangu ni mama mkwe. Kwa kampuni ni duka nambari kumi na nne."

Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza nani alikosea, huuliza: dakika ile ile ya ajali, huyu mtu alikuwa akifanya kazi ya nani? Dereva akikosea akiwa kwenye kazi ya mwajiri, mwajiri hubeba. Akiwa ameiacha kazi akaenda kwenye mambo yake, hubeba mwenyewe. Ndiyo sheria kwa maneno ya kawaida, na haijabadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi ya kuithibitisha.

Zamani ilikuwa rahisi. Gari lilikuwa la kampuni, dereva alivaa sare ya kampuni, na kulikuwa na kitabu cha safari kilichotiwa saini asubuhi na jioni. Siku hizi pikipiki ni yako, mafuta ni yako, simu ni yako. Mkataba uliukubali kwa kubonyeza kitufe, na najua hukuusoma, usinidanganye. Ndani yake imeandikwa kwamba wewe si mwajiriwa bali mkandarasi huru, mtu wa kujitegemea. Ajali ikitokea, wakili wa kampuni huweka karatasi hiyo mezani kwanza kabla hata ya kusalimia.

Kijana wa bima, usikubali karatasi hiyo imalize mjadala. Jina ambalo mkataba umempa mtu ni jambo moja, na namna anavyofanya kazi ni jambo lingine. Uliza: nani anapanga bei ya safari? Nani anasema apite wapi na afike saa ngapi? Nani anaweza kumfungia akaunti akikataa oda? Sanduku la pikipiki lina jina la nani? Mambo haya yakielekea upande wa kampuni, kuna hoja nzito kwamba kampuni nayo ibebe. Nasema kuna hoja. Kuhusu hawa vijana wa mkataba mahakimu bado hawajaimba wimbo mmoja, na anayekuahidi kwamba kesi ya namna hii utaishinda, muage kwa heshima uondoke.

Ila hoja zote hizo hazina miguu kama huwezi kuonyesha kwamba kijana alikuwa kazini dakika ile. Je, programu ya oda kwenye simu ilikuwa imezimwa? Je, ilikuwa imewashwa lakini hana oda? Au alikuwa amebeba oda? Hizo ni hali tatu tofauti, na kila moja ina jibu lake. Hapo ndipo mimi, na miaka yangu yote, nilipojikwaa.

Ilikuwa Laini Saba, kule Kibera, miaka michache kabla sijastaafu. Kijana mmoja, Kevin Wafula, wote wakimwita Kevo, alimgonga Mama Atieno, mwuza samaki. Mama huyo alikuwa anatoka kwenye uchochoro kati ya vibanda viwili karibu na reli, beseni kichwani. Pikipiki ilimvunja mguu. Kevo mwenyewe alitoka na mikwaruzo tu. Mama Atieno alikuwa mjane, na mguu huo ndio uliokwenda kuchukua samaki alfajiri na kusimama mbele ya karai la kukaangia mpaka jioni. Wakili wake alipeleka dai kwa kampuni ya chakula iliyompa Kevo kazi, na bima ya kampuni hiyo ikanituma mimi.

Nilipofika kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa abstrakti ya polisi, ile hati fupi ya ajali ambayo kituo hutoa. Ilisema ajali ilitokea saa tisa alasiri. Ya pili ilikuwa barua ya kampuni ya chakula, mistari minne: Kevin Wafula alikuwa na oda moja mchana huo, kutoka jiko la Kawangware hadi mtaa wa Nyayo Highrise. Oda ilifika saa saba na nusu. Baada ya hapo alizima programu. Kwa hiyo saa tisa hakuwa kazini.

Nilikwenda kwenye steji ambako Kevo huegesha. Mwenyekiti wao, jamaa mnene wa vichekesho aliyeitwa Oti, alinipa kiti, akaninunulia soda. Nikauliza kama Kevo alikuwa amebeba mzigo alipomgonga mama. Wote walitazama chini.

"Hakuwa na kitu, Mathe," Oti akasema. "Alikuwa anazunguka tu."

"Sanduku je? Koti la kampuni?"

"Hakuwa navyo."

Kevo alikuwepo, akitikisa kichwa kukubali. Nikaangalia pikipiki, kweli haikuwa na sanduku. Nikaenda kwa Mama Atieno, nikamwona kitandani, nikachukua kadi yake ya zahanati ili nikatoe nakala. Kisha nikaandika: mwendeshaji hakuwa kazini. Karatasi zote zilikubaliana, na mashahidi wote pia. Vijana, mkiona kila kitu kimekubaliana hivyo, anzeni kuogopa. Mimi sikuogopa. Nililala vizuri.

Dai likakataliwa. Na bima ya pikipiki ya Kevo mwenyewe, ile ya mwezi kwa mwezi, ilikuwa imeisha Jumapili, siku mbili kabla ya ajali. Maana yake Mama Atieno alibaki akimdai kijana asiye na chochote zaidi ya pikipiki iliyopinda usukani.

Kadi ya zahanati ndiyo iliyonirudisha. Ilikuwa bado kwenye faili, na mgonjwa anaihitaji kadi yake kila kliniki, kwa hivyo nikaamua kuipeleka mwenyewe badala ya kuituma. Mama Atieno alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake, mguu wenye plasta juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwapiga kelele watoto wa jirani waliokuwa wakichezea magongo yake.

"Wewe ndiye uliniandika kwamba nimegongwa na mtu wa matembezi," akasema.

"Ni mimi."

"Keti. Miguu yako bado ni miwili, usiichoshe." Akanionyesha kibao. "Hiyo kadi uliisoma?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba niliitoa nakala bila kuisoma, kwa sababu kadi za hospitali huwa ni mambo ya mifupa, na mifupa ni kazi ya daktari. Nikaisoma hapo kwenye kibao. Juu kabisa muuguzi alikuwa ameandika: amefika saa saba na dakika kumi. Chini yake: ameletwa na Kevin Wafula.

Nikaisoma tena. Polisi walisema ajali ilikuwa saa tisa. Huyu mama alikuwa zahanati karibu saa mbili kabla ya ajali yake.

"Mama Atieno, polisi waliambiwa saa ngapi?"

"Mimi sikuenda polisi, ningeenda na mguu gani? Ni hao vijana wa steji walienda baadaye. Sijui waliambia nini."

Basi fumbo la kwanza likafunguka. Walipofika kituoni ilikuwa saa tisa, ofisa akaandika saa waliyofika, na abstrakti ikaibeba saa hiyo kama saa ya ajali. Mimi nikainakili kama andiko takatifu.

"Na huyu Kevin alikaa na wewe?"

"Alikaa mpaka nikafungwa mguu. Alikuwa analia kuliko mimi. Nikamwambia nyamaza basi, mguu ni wangu."

Hapo nikajiuliza. Ikiwa Kevo alikuwa zahanati kuanzia saa saba na dakika kumi hadi mguu ulipofungwa, nani aliyefikisha oda Nyayo Highrise saa saba na nusu?

Nilirudi ofisini, nikaiandikia kampuni ya chakula wanipe njia nzima ambayo simu ya Kevo ilipita siku hiyo, dakika kwa dakika, si mistari minne ya barua. Walivuta miguu, lakini wakatoa. Njia ilitoka Kawangware vizuri, ikafika Laini Saba kabla tu ya saa saba, ikasimama pale pale kwa dakika kumi na mbili, halafu ikaendelea hadi Highrise. Simu ilisafiri. Mwenye simu hakusafiri.

Nikaenda steji asubuhi, wakati hakuna oda nyingi.

"Niaje, Mathe," Oti akasema. "Umerudi tena? Si tulimaliza?"

"Niko poa. Nimerudi kuuliza kitu kimoja. Nani alipeleka kuku Highrise?"

Mmoja wao akasema kwa sauti ndogo, "Kuku gani sasa?"

"Kuku wa Kevo. Alifika, lakini Kevo hakufika."

"Labda alienda na miguu yake, Mathe. Kuku wa siku hizi wanajua njia." Wakacheka, ila Kevo hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, akikwangua rangi kwa ukucha.

"Ni mimi nilimpea Oti simu," akasema.

"Kevo," Oti akamwonya.

"Wacha, bro. Nimechoka." Akanigeukia. "Mathe, hivi ndivyo ilienda. Nikamgonga mama. Nikamwinua, nikampeleka zahanati na tuktuk. Oda ilikuwa bado kwa sanduku. Ukiacha oda ife, nyota zako za wateja zinashuka, na zikishuka wanakufungia. Hapa kwetu mtu akipata shida, mwenzake anamalizia oda. Hiyo ni kawaida. Oti akaja, nikamwachia simu na oda, akaipeleka, akabonyeza kitufe cha imefika, akazima app."

"Na sanduku?"

"Liko kwa fundi," Oti akasema, akionyesha kwa kidevu kibanda cha jua kali ng'ambo ya njia. "Na koti pia. Kampuni wakisikia jina lao liko kwa ajali, wanakufungia siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunamsaidia tu. Sasa tumekosea wapi?"

Sikumkaripia. Nimeona watu wakikimbia ajali, wakamwacha mtu barabarani. Hawa walimpeleka mama zahanati, walimlinda mwenzao, na hata mteja alipata chakula chake. Nikawaeleza polepole, nikichora mchangani kwa ufunguo. Mliposema hakuwa na sanduku, mlimtoa kazini. Mlipobonyeza imefika, mlimtoa kazini mara ya pili, kwa saa kamili, ndani ya kompyuta ya kampuni yenyewe. Mlitaka kuificha ajali isionekane na kampuni. Mmeificha kampuni isionekane na Mama Atieno.

Nikawaambia pia jambo ambalo kila mpelelezi anapaswa kulisema: natumwa na bima ya hiyo kampuni, mimi si wakili wenu, na kabla hamjatia saini chochote mtafuteni mtu wa sheria mwongee naye.

Kevo akauliza, "Nikisema ukweli, watanifungia?"

"Huenda. Sitakudanganya."

"Nisiposema?"

"Ajali inabaki yako peke yako, na bima yako ilikuwa imeisha. Mama Atieno ataendelea kukaa mlangoni na mguu juu ya ndoo."

Alitazama ng'ambo ya njia. Fundi alikuwa anagonga bati.

"Nikihamia hapa Laini Saba sikuwa najua mtu," Kevo akasema. "Huyo mama ndiye alinionyesha chumba. Kesho naenda kwa wakili. Halafu uandike."

"Uniandike na mimi," Oti akasema. "Highrise nilienda mimi. Na uandike kuku alifika akiwa moto."

Wiki hiyo walitia saini. Fundi akatoa sanduku, jina la kampuni likiwa bado juu na kona moja imebonyea pale lilipopiga mawe ya reli. Nikalipiga picha kila upande. Kisha nikaandika ripoti ya pili, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba ripoti ya kwanza ilikosea na aliyekosea ni mimi.

Meneja wangu aliishika kama mtu aliyepewa chupa ya mkojo. "Mama Njoki, unajua tunamlinda mteja?"

"Najua. Lakini nilimlinda kwa saa ambayo haikuwa ya ajali. Wakili wa huyu mama akiiona hii kadi mbele ya hakimu, tutaaibika sote."

Aliguna, akaipeleka juu. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Kesi haikufika kwenye hukumu. Mawakili walikaa kujadiliana. Yule wa kampuni aliweka mkataba mezani kama kawaida: kijana huyu ni mkandarasi huru. Yule wa Mama Atieno akaweka sanduku, koti, njia ya simu, na ushahidi kwamba bei, njia na nyota vyote viliamuliwa na kampuni. Wa kampuni akasema Kevo alivunja mkataba kwa kumpa mtu mwingine oda. Akajibiwa kwamba hilo lilitokea baada ya mama kugongwa. Mguu ulivunjika Kevo akiwa na kuku wao kwenye sanduku. Mwishowe bima ya kampuni ilikubali kubeba, ila sehemu ndogo ya kosa ikaachwa kwa Mama Atieno mwenyewe, kwa kuwa alitoka kati ya vibanda bila kutazama. Nilipomweleza, alicheka. "Na samaki wangu je? Hao hawakuandikiwa kosa?"

Sitakuficha mwisho wake. Kevo alifungiwa akaunti, na haikufunguliwa tena. Siku hizi anabebea jiko moja dogo hapa Kawangware, kwa makubaliano waliyoyaandika wakayasoma wote wawili, na akipita langoni kwangu hupiga honi mara mbili. Mama Atieno anachechemea kidogo, lakini amerudi karibu na reli, na sasa anakaanga akiwa amekaa kwenye kiti kirefu. Kijana wa bima, ukienda kwake, nunua samaki kwanza kabla hujauliza maswali, na kadi yoyote atakayokupa isome mbele yake.

Naona chakula chako kimefungwa, wanakuita. Nenda, lakini shika hili. Siku ukigonga mtu, au mwenzako akigonga, mpelekeni aliyeumia hospitali kwanza. Lipige picha sanduku likiwa pale lilipo, iandike saa kwenye simu yako, mpigie mteja umwambie ukweli kwamba chakula kitachelewa. Na kile kitufe cha imefika, usikibonyeze, wala usimpe mtu akubonyezee, mpaka wewe mwenyewe uwe umesimama mlangoni pa mteja.